Chagua Wimbo wa Siku Yako Mbaya

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi hapa Moshi kuhusu usaili wa klarineti, kile chombo cha kupuliza, mbele ya vijana wa bendi zetu za makanisa, wazazi wao na walimu wa kwaya. Wengi wa huko juu mlimani walizuiwa na mvua, kwa hiyo nayaweka yote kama yalivyosemwa.

Bwana Yesu asifiwe! Wazazi wangu, shikamooni. Mzee mwenyekiti, walimu wa kwaya, nashukuru kwa nafasi hii. Wadogo zangu mliopakata vyombo, poleni na safari. Namwona binti mmoja pale nyuma ameleta klarineti yake imefungwa kwenye kanga ya mama. Umefanya vizuri sana, mwanangu. Kanga nzima inalinda chombo kuliko begi lililochanika.

Nimeombwa nizungumzie usaili wa muziki kwa wapiga klarineti: uchague wimbo gani, na ukishauchagua uuandae vipi. Najua wengi wenu mna tarehe mbele yenu. Wapo wanaoomba Makumira, hapo Usa River, kusomea shahada ya muziki. Wapo wanaotaka Bagamoyo, TaSUBa, chuo cha sanaa. Wapo wa Zanzibar, wapo wa Nairobi, na wawili wameninong'oneza mlangoni kwamba wanataka bendi ya Polisi. Kila mahali pana masharti yake. Yasomeni masharti hayo mara tatu kabla hamjagusa nota hata moja: nyimbo ngapi, dakika ngapi, piano ipo au haipo, skeli zipi. Hilo nimemaliza.

Mimi nimekuja na neno moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Wimbo wa usaili hauchaguliwi kwa siku yako nzuri. Unachaguliwa kwa siku yako mbaya.

Siku nzuri mnaijua. Umelala, umekunywa chai, uko chumbani kwako, ridi, ule ulimi wa mwanzi unaotoa sauti, imekubali, vidole vyenyewe vinatangulia. Siku mbaya je? Basi limechelewa. Umelala kwa shemeji, kwenye kochi. Mdomo mkavu. Ridi imegoma. Na pale kwenye korido, kabla hujaitwa, unamsikia aliyekutangulia anapiga kama aliyezaliwa na klarineti mkononi. Sasa niambieni, siku ya usaili inafanana na ipi kati ya hizo mbili?

(Ukumbi ukajibu: "Ya pili!")

Ya pili. Mmejibu wenyewe.

Nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimejifunza klarineti kwenye bendi, masikio kwanza, nota baadaye, kama wengi wenu. Siku moja nikasikia kanda ya Concertino ya Weber, yaani konserto fupi, klarineti ikitangulia na okestra ikiisindikiza. Carl Maria von Weber, Mjerumani, aliiandika mwaka 1811 kwa ajili ya Heinrich Baermann, mpiga klarineti aliyekuwa fundi haswa. Inaanza polepole, kama mtu mwenye msiba. Kisha unakuja wimbo mtamu, mwepesi. Kisha wimbo huo unageuzwa, unageuzwa tena, na vidole vinakimbia kama mvua juu ya bati. Niliposikia ile mvua nikasema, huu ndio wimbo wangu.

Nikaufanyia mazoezi miezi minne. Mnadhani nilifanyia mazoezi sehemu ipi? Kasi! Asubuhi kasi, jioni kasi. Ule mwanzo wa polepole nilikuwa naupita tu, kama mtu anayekatiza uani kwenda jikoni. Nilijiambia, pale hakuna kazi, nota ni chache.

Nikapanda basi hapa Moshi, tukapita Arusha, tukakaa Namanga saa nyingi, Nairobi nikaingia usiku. Asubuhi nikaitwa chumbani. Watu watatu mezani, dirisha limefungwa, zulia sakafuni. Zulia lile lilinimeza sauti. Nikaanza. Nota ya kwanza, ndefu, ikatetemeka. Nikajaribu kuishika, ikatetemeka zaidi. Sentensi ya pili pumzi ikakatika katikati, nikavuta hewa mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angevuta hewa. Nilipofika mwisho wa ukurasa ule wa polepole, mama mmoja pale mezani akainua kalamu, akasema kwa upole kabisa, "Asante, inatosha."

Inatosha! Na kurasa zangu za kasi? Miezi yangu minne? Hazikusikika. Hata mstari mmoja haukusikika.

Kwa miaka mingi niliamini nilionewa. Baadaye na mimi nikaitwa kukaa upande ule wa meza, mara kadhaa sasa, na nimeelewa. Anayesikiliza vijana kutwa nzima hasubiri ukurasa wa nne. Sauti yako anaijua kwenye nota ya kwanza. Pumzi yako anaijua kwenye sentensi ya kwanza. Kama unajisikiliza au unapiga tu, anajua ukifika sentensi ya tatu. Vidole vya kasi vinafundishika, na yeye anajua atakufundisha. Anachotafuta ni mtu wa kufundishwa. Kwa hiyo wimbo ambao utamu wake uko ukurasa wa nne, na ukurasa wa kwanza unakushinda, huo si wimbo wako. Bado. Mwakani labda.

Tafadhali wenye klarineti ziungeni, nataka tufanye kitu kidogo. Wazazi mtatuvumilia.

Pigeni la, ile A ya katikati. Angalieni vidole vyenu. Gumba liko hewani, kidole cha shahada cha kushoto kinabonyeza ufunguo mmoja, basi. Chombo karibu chote kiko wazi. Sasa pandeni si, ile B, nota inayofuata tu. Mmeona kilichotokea? Karibu vidole vyote vimeshuka kwa mpigo mmoja, na gumba limeziba tundu na kubonyeza ufunguo wa juu wakati huohuo. Sikio linasikia hatua moja ndogo, mkono unahamisha nyumba nzima. Na klarineti haina huruma kama filimbi: ufunguo ule wa gumba haukupandishi oktava, yaani nota nane, unakupandisha nota kumi na mbili. Ndiyo maana vidole vya chini na vya juu havilingani majina, na anayetoka kwenye filimbi au saksafoni hupotea hapo.

Hapo napaita darajani. Sauti zinazokwama, zinazolia kama bata, nyingi hutokea darajani. Dawa yake ipo: ukiwa bado kwenye A, mkono wa kulia ushushe kabisa, vidole vikae kwenye matundu yao. A haitaharibika. Basi ukienda kwenye si, nusu ya vidole tayari viko nyumbani. Jaribuni. Tena. Mmesikia? Binti wa kanga, umesikia?

Kwa hiyo ukipewa nyimbo tatu uchague mmoja, chukua penseli kabla hujachukua klarineti. Zungushia kila mahali unapovuka daraja. Kisha jiulize: mahali hapa napavuka nikiwa na homa? Napavuka nikiwa na hofu? Kama kwenye mstari wa kwanza kuna duara sita na mbili kati yake hujawahi kuzivuka salama siku tatu mfululizo, weka karatasi ile chini. Hakuna aibu. Wasaili hawajui ulichokiacha nyumbani.

Sasa Mozart. Nimeulizwa Mozart na watu wanne tangu asubuhi. Konserto yake ya klarineti, namba K. 622 kwenye orodha ya kazi zake, ya mwaka 1791, mwaka aliofariki. Aliiandika kwa rafiki yake Anton Stadler, ambaye klarineti yake ilishuka chini zaidi kuliko hizi zetu. Maandishi ya mkono wa Mozart yamepotea, na tunachopiga leo kimerekebishwa na wengine ili kiingie kwenye klarineti ya kawaida. Okestra nyingi duniani zikiita usaili, ndiyo wanayoidai. Inaanza kwa nota mbili ambazo kila mwanakwaya humu anaweza kuziimba: so, mi. Mwalimu, tuimbie. So... mi. Mtoto wa chekechea anaweza. Na hapo ndipo ugumu wake ulipo: hakuna pa kujificha. So ikitoka chafu, dunia nzima imesikia. Ukiwa na sauti safi na subira, Mozart atakubeba. Ukiwa na haraka, atakuanika.

Lakini kuna mtego kwenye Mozart huyu, na nataka niusimulie polepole kwa sababu umeshaumiza watu.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti, aliichagua konserto hii. Akachapisha nota kwenye steshenari, na kwa bahati nzuri Mozart hana haki miliki, unapakua bure bila dhambi. Akachapisha ya klarineti, akachapisha na ya piano. Wiki tatu akafanya mazoezi peke yake, vizuri sana. Siku ya kukutana na mpiga kinanda, kwenye kanisa moja pale Arusha, wakahesabu, wakaanza pamoja. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Nota ya kwanza tu, nikahisi meno yananiuma. Kinanda kinasema hivi, klarineti inasema hivi, kama majogoo wawili wa boma moja. Binti akafikiri amekosea. Akaanza upya. Ileile. Macho yakamjaa machozi.

Hakuna aliyekosea nota. Konserto hii imeandikwa kwa klarineti ya A. Sisi wote humu tuna klarineti ya B-flati. Ukisoma do kwenye klarineti ya A, piano inasikia A. Ukisoma do hiyohiyo kwenye yetu, piano inasikia B-flati. Nusu toni. Karatasi ni ileile, vidole ni vilevile, sauti zinagongana mwanzo hadi mwisho.

Mpiga kinanda wetu alikuwa mtu mzima, ametumika miaka mingi. Akacheka kidogo, akabonyeza kile kitufe cha kupandisha sauti, kile wanachokibonyeza kila Jumapili mwalimu wa kwaya akianzisha wimbo pasipowezekana. Nusu toni juu. Wakaanza tena, na jamani, kanisa likajaa. Tukafurahi. Nikamuuliza: baba, na kule kwenye usaili wana kinanda au wana piano? Akanyamaza.

Walikuwa na piano. Piano ya nyuzi, ya mbao. Haina kitufe. Ikabidi tutafute nota za piano zilizoandikwa kwa klarineti ya B-flati. Zipo, zimechapishwa kwa ajili ya watu kama sisi, ila lazima ujue kwamba unazihitaji. Tukazipata zikiwa zimebaki siku tano. Baba yule akakaa nazo usiku tatu. Sitamsahau. Basi nawaomba: kabla ya kujifunza hata sentensi moja, kaa na mpiga piano wako dakika tano tu, pigeni nota ya kwanza pamoja. Nota moja tu! Na mpe karatasi zake mapema, na umlipe nauli. Yeye pia ana siku mbaya zake.

Kuna wanaosema, mwalimu, sisi huku hatuna mpiga piano, nichague wimbo wa klarineti peke yake. Mnaniletea Stravinsky, vile vipande vyake vitatu vya klarineti peke yake, vya mwaka 1918. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Lakini kuichagua kwa sababu tu umekosa piano ni kama kupanda mlima kwa sababu umekosa daladala. Heri etudi moja safi, yaani wimbo wa mazoezi, ya Cyrille Rose, kama masharti yanaruhusu.

Mkiniuliza mimi, na mmeniuliza, kijana wa kiwango cha kati mwenye sauti nzuri na vidole vya kawaida nampeleka kwa Saint-Saëns. Mfaransa, sonata yake ya klarineti na piano, Opus 167. Aliiandika mwaka 1921 akiwa na miaka zaidi ya 80, na mwaka huohuo akafariki. Sikilizeni sehemu ya kwanza: inatembea kama mtu anayerudi nyumbani jioni bila haraka. Inakupa nafasi ya kuonyesha pumzi. Kisha sehemu ya tatu, ya polepole: wimbo unapigwa chini kabisa kwenye chombo, kwa nguvu, sauti nene nyeusi, halafu wimbo uleule unarudi juu, kwa kunong'ona. Vidole karibu havina kazi. Lakini msikilizaji anasikia klarineti yako yote, kuanzia chini hadi juu, ndani ya dakika chache. Sehemu hizo mbili zimetosha kutimiza sharti la nyimbo mbili zisizofanana kwa wanafunzi wangu zaidi ya mara moja. Ule ulaini wa juu ni mgumu, sitawadanganya. Lakini ni ugumu unaofanyiwa mazoezi kwa nota ndefu kila asubuhi, na nota ndefu hazihitaji pesa.

Tumechagua. Tunaandaaje?

Nilikuwa na kijana wa Kibosho. Anaishi na bibi yake, na bibi ana ng'ombe wawili wa ndani, kwa hiyo kijana kila siku anashuka kukata majani na kupanda nayo kichwani. Bibi alikuwa na tabia moja. Kijana akitua tu mzigo, hata jasho halijakauka, bibi anakaa kwenye kigoda, anasema, "Haya, nipigie." Kijana akaja kunilalamikia. Mwalimu, kifua kinapanda na kushuka, siwezi kupiga hata sentensi moja. Nikamwambia, mpigie bibi. Kila siku, mara moja tu, kuanzia mwanzo, usisimame hata ukikosea.

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Wiki ya tatu akaniletea karatasi yake, nami nikaona kitu ambacho sikumfundisha. Alikuwa ameweka alama za pumzi za aina mbili. Za kwanza, koma kubwa za penseli, ni mahali pa kuvuta hewa siku ya kawaida. Za pili ameziweka kwenye mabano. Nikamuuliza, hizi nini? Akasema, "Hizi za majani ya ng'ombe." Pumzi za akiba! Mahali ambapo, hewa ikiisha kabla ya wakati, unaweza kuvuta kidogo bila kuuvunja wimbo. Alikuwa amekwisha kuzitafuta, amezijaribu, zinamngoja. Mtu mwenye hofu anapumua vilevile kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Bibi yule, ambaye hajui nota hata moja, alikuwa anamfanyia usaili kila jioni.

Tafuteni bibi wenu. Anaweza kuwa mdogo wako, anakuja wakati wowote anasema "sasa!" nawe unapiga. Bila kujipasha, bila "ngoja kwanza." Mara moja kwa siku. Mazoezi mengine fanya kama kawaida, polepole, metronomu ya simu ikigonga, kuanzia mstari wa mwisho ukirudi nyuma ili mwisho uwe na nguvu kuliko mwanzo. Lakini ile mara moja usiikose.

Ridi nitazisema kwa kifupi. Andaa tatu, zitumie kwa zamu wiki kadhaa kabla, zipe namba kwa penseli mgongoni. Ridi mpya siku ya usaili ni kiatu kipya siku ya mbio. Wazazi, najua bei yake, na najua hapa mjini hazipatikani kirahisi. Ule mwanzi unalimwa kusini mwa Ufaransa, na mpaka ufike kwetu umepita mikono mingi. Agizeni mapema, na kwa pamoja.

La mwisho ni baridi. Mnakwenda Arusha au Usa River mwezi wa saba, saa mbili asubuhi, mmetoka kwenye joto letu la chini. Klarineti ikipoa, sauti inashuka. Umejipasha vizuri, ukalinganisha sauti, ukakaa kwenye korido dakika ishirini, ukaingia: uko chini ya piano. Utafikiri ni mdomo wako. Ni baridi. Basi kile kipande cha juu kitoe, kiweke ndani ya koti, chini ya kwapa. Ukikaribia kuitwa unganisha, pitisha pumzi ya moto ndani bila kutoa sauti, taratibu. Na msiianike juani, wala msiiache kwenye dashibodi ya gari, hasa wenye ya mbao. Itapasuka.

Maana ile mbao, wadogo zangu, mnaijua? Ni mpingo. Mpingo wetu huu, mzito hata ukiutupa majini unazama. Klarineti nyingi bora zinazopigwa Vienna na New York zimechongwa kwa mti unaoota Tanzania na Msumbiji, mti unaochukua miaka 70 na zaidi kukomaa. Mwenyeji wetu wa Kibosho, marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuotesha miche ya mpingo na kuwahimiza watoto wa shule za mkoa huu waipande. Baadhi ya wazazi mlioko humu nadhani mlipanda. Nikimsikia kijana wetu anaomba radhi kwa kupiga klarineti, eti ni chombo cha Wazungu, naumia. Na wenye za plastiki, msijali hata kidogo. Sauti inatoka kwenu.

Muda umekwisha na mzee mwenyekiti ananitazama. Tunakwenda kwenye vitendo. Hizi meza mbili tunaziunganisha pale mbele, mimi nakaa, mwalimu wa kwaya anakaa, na mama mmoja atusaidie kukaa, mama yeyote. Mtatoka nje nyote wenye klarineti, mlango utafungwa, mtaingia mmoja mmoja. Hakuna kujipasha. Unaingia, unasalimia, unataja jina la wimbo, unapiga sentensi ya kwanza tu.

Binti wa kanga, tuanze na wewe.